Celica ya mwaka 1974 na fenda pana za Kijapani: nikate bati au nisikate?

Mwana_Kiloleni (Tabora)

Wakuu, habari za wakati huu. Baba yangu mdogo, aliyefariki mwaka juzi, aliniachia Toyota Celica ya mwaka 1974, ile ya milango miwili yenye injini ya 2T ya cc 1588, ambayo kwa zaidi ya miaka kumi ilikuwa imelala chini ya mwembe hapa Kiloleni huku kuku wakitagia kwenye kiti chake cha nyuma. Injini imeshaamka baada ya kusafisha kabureta na kubadilisha pampu ya mafuta, breki zinashika, na gia zinaingia bila kelele. Bodi imenishangaza kwa uzima wake, labda kwa sababu hewa ya Tabora haina chumvi kama ya pwani. Kutu niliyoikuta iko kwenye sakafu ya upande wa dereva na kwenye midomo ya matao ya magurudumu ya nyuma, ambako bati limelika kiasi cha kiganja kila upande hadi kidole kinapita.

Kwa kuwa midomo hiyo itakatwa kwa vyovyote vile, nimerudiwa na wazo nililokuwa nalo tangu nilipoanza kutazama picha za magari ya zamani yanayotengenezwa upya na Wajapani, yale yenye fenda za nje, yaani vifuniko vinavyoongezwa juu ya matao ya magurudumu, zilizofungwa kwa riveti, tairi pana zikiwa zimejaa ndani yake na gari lenyewe limekaa chini kama chui anayenyatia. Nimeagiza Dar es Salaam rimu nne zilizotumika za inchi 14, za mbele zikiwa na upana wa inchi 7 na za nyuma inchi 8, zenye matundu manne yanayoingia sawasawa kwenye stadi zangu, zile bolti za kufungia gurudumu. Gari lina upana wa milimita 1600 kutoka kiwandani, nami nimekisia kwamba nitaongeza sentimita 6 kila upande.

Fundi mmoja wa hapa mjini aliliangalia gari kwa dakika tano hivi, akasema, "Kata tu, faiba itaficha kila kitu." Kauli hiyo ndiyo iliyonirudisha nyuma. Naomba wenye ujuzi wanieleze jinsi kazi hii inavyofanywa na wale wanaoijua, ni nini kinachoharibika ikifanywa ovyo, na kama ina maana yoyote kwa gari litakalotembea Tabora, ambako nusu ya safari zangu ni barabara za vumbi. Gari hili ni kumbukumbu ya mtu, kwa hiyo sitaki kulijaribia.

Fundi_wa_Kibirizi (Kigoma)

Ndugu yangu, pole kwa msiba na hongera kwa kulitunza gari la marehemu. Nimeandika kwa sababu ya neno hilo "itaficha", maana katika kazi ya bodi kinachofichwa ndicho kinacholimaliza gari.

Fenda za mbele zisikusumbue, kwa kuwa ni bati moja lililofungwa kwa bolti, na ukikosea unalifungua na kutafuta jingine. Nyuma ni habari nyingine kabisa. Ubavu wa nyuma wa gari kama lako una mabati mawili: la nje unaloliona na kulipiga rangi, na la ndani lililopinda kama nusu ya ngoma juu ya gurudumu. Mabati hayo yanakutana kwenye mdomo wa tao, yakiwa yameshikanishwa kwa vidoa vidogo vya kuchomea vilivyopangwa kwa umbali wa vidole viwili vitatu. Ukikata juu ya mdomo huo ili tairi pana lipate nafasi, umeyatenganisha mabati mawili na kuacha uwazi kati yake. Maji, tope na vumbi vitaingia humo, moshi wa ekzosi utapata njia ya kufika ndani, na ubavu ambao ulikuwa boksi lililofungwa unabaki kuwa karatasi mbili zinazocheza. Shimo moja la barabarani halitakuonyesha tofauti, lakini baada ya miezi utaona rangi inapasuka kwenye kona ya kioo cha nyuma, kisha mlango unaanza kugoma kufunga.

Miaka michache iliyopita nililetewa gari lililopanuliwa kwa mtindo huo wa "itaficha", ambalo mwenyewe alikuwa akilitumia kubebea kila kitu, pamoja na magunia ya mahindi. Kwa nje lilikuwa linang'aa. Nilipogonga juu ya tao kwa mpini wa bisibisi, unga mwekundu ulimwagika kama chai iliyopasuliwa pakiti. Nikafungua faiba, na katikati ya mabati mawili nikakuta tope lililoganda lenye punje mbili za mahindi zilizokwisha kuchipua. Mvua za msimu mmoja zilitosha.

Kazi sahihi huanza kwa kuondoa kiti cha nyuma, mazulia, tangi kama liko karibu, na kila kitu kinachoshika moto. Chora mstari wa kukatia kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi, ukitumia tairi lenyewe kama kipimo na si macho. Kata bati la nje peke yake kwanza, na ujizuie kulishusha grainda hadi la ndani. Bati la ndani liache refu kuliko la nje, kisha lichane vipande vya upana wa sentimita mbili au tatu mfano wa matamvua ya mkeka, uvikunje vipande hivyo kimoja kimoja kwenda nje mpaka vilalie bati la nje. Vichomee kwa vidoa, ukiruka kutoka upande huu wa tao kwenda ule ili joto lisikusanyike mahali pamoja na kulipindisha bati, na mapengo yaliyobaki kati ya kipande na kipande uyazibe kwa vipande vingine vya bati. Baada ya hapo paka rangi ya zinki, jaza gundi ya kuzibia ya bodi kwenye kila mshono kwa ndani na kwa nje, na umalizie kwa lami ya chini ya gari. Ukimwaga maji ya ndoo kwenye tao na usione tone ndani ya buti, hapo ndipo unaruhusiwa kufikiria fenda pana. Kwa bahati yako, kutu imeshakula mahali ambapo ungekata.

Kuhusu faiba, mimi niliijifunzia kwenye boti za ziwani kabla ya kuigusa kwenye gari, na mambo ni yale yale. Mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba, tabaka tatu, hukupa unene wa karibu milimita tatu, ambao unatosha kwa fenda. Kigandishi kiwe kati ya asilimia 1 na 2 ya rezini, yaani ule uji unaolowesha mkeka na kuugandisha, nami mchana wa hapa Kigoma hukaa karibu na 1, kwa sababu joto likizidi rezini inaganda ndani ya kopo kabla hujaipaka na inaweza hata kutoa moshi. Usifanye kazi hiyo siku ya mvua. Funga fenda kwa bolti ndogo zenye washa pana na ukanda wa mpira katikati ya faiba na bati, usizigandishe kwa gundi, kwani siku jiwe litakapoivunja utataka kuibadilisha bila kugusa rangi ya gari.

Jambo la mwisho ni hilo la jiwe. Kwenye barabara za vumbi, tairi pana hurusha changarawe moja kwa moja kwenye upande wa ndani wa fenda, na faiba iliyopigwa kwa ndani hupasuka kwa nje mfano wa utando wa buibui. Bandika kipande cha mpira wa tairi la ndani, ule wa baiskeli au pikipiki uliofunguliwa, kwenye upande wote wa ndani kabla ya kufunga. Sijaona Mjapani yeyote akifanya hivyo, lakini Mjapani yule haendi Sikonge kwa gari lake.

Mjiji_aliyerudi (Ujiji)

Fundi ameshamaliza sehemu ngumu. Mimi nitaongeza asili ya jambo lenyewe, kwa kuwa niliishi Nagoya kwa miaka mitatu kwa masomo na jioni nyingi nilizimalizia kwenye maegesho ya magari badala ya maktaba.

Fenda pana za Kijapani hazikuzaliwa kama pambo. Mwezi Februari 1969 Nissan walitoa Skyline GT-R, ile ambayo Wajapani wanaiita Hakosuka, yaani Skyline ya boksi, yenye injini ya S20 ya cc 1989. Ilipotoka ya milango miwili mwaka 1970, tao la nyuma lilikatwa kiwandani na kuvalishwa fenda nyeusi, kwa sababu tairi za mashindano hazikuwa na pa kukaa. Mwaka 1971 ikatoka Fairlady 240ZG, yenye pua ndefu na fenda zilizofungwa kwa riveti bila kuona haya, na upana wa gari ukapanda kutoka milimita 1630 hadi 1690. GT-R iliyofuata, ya mwaka 1973, ilipewa fenda hizo pande zote nne, na zilitengenezwa 197 tu. Tazama mpangilio huo, ndugu wa Kiloleni: tairi ilitangulia, fenda ikaja kuifunika. Hata hapa kwetu ukoo wa magari hayo unajulikana, kwa kuwa Datsun 240Z, ndugu ya Fairlady hiyo, ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta.

Vijana walioyaona magari hayo walitaka ya kwao yafanane nayo. Kati ya mwaka 1979 na 1984 palikuwa na mashindano ya Super Silhouette, ambamo Skyline ya Masahiro Hasemi, Silvia ya Kazuyoshi Hoshino na Bluebird ya Haruhito Yanagida zilikuwa na fenda za mraba pana kama makabati, na moto ukitoka kwenye ekzosi. Hapo ndipo mtaa ulipochukua hatamu na kuzidisha kila kitu. Gari lililoshushwa likaitwa shakotan, maana yake ni kimo kifupi tu, na bampa la mbele lililorefushwa likaitwa deppa, yaani meno yaliyochomoza. Ekzosi zilizoelekezwa juu angani zikaitwa takeyari, mikuki ya mianzi. Jamaa wana maneno.

Siku hizi wanaojulikana zaidi duniani ni watatu, na kila mmoja ana njia yake. Akira Nakai, wa karakana ya RAUH-Welt Begriff huko Kashiwa katika mkoa wa Chiba, alianzia kwenye Toyota AE86 za kuserereka kabla ya kuhamia Porsche 911 za zamani zinazopozwa kwa hewa. Yeye husafiri hadi nchi ya mteja, hukata fenda kwa mkono wake, hufunga mpya kwa muda wa siku chache na kuziba mshono kwa kidole na silikoni nyeusi, kisha hulipa gari jina. Wataru Kato wa Liberty Walk, kampuni iliyoanza mwaka 1993 katika mkoa wa Aichi, alichukua tabia za wahuni wa barabarani wa ujana wake akazihamishia kwenye Lamborghini na Ferrari, hata Ferrari F40, jambo lililowafanya wengi wamlaani. Kei Miura wa Kyoto, mwenye chapa za Rocket Bunny na Pandem, ni wa aina nyingine, kwani hulipima gari kwa mashine ya miale, huchora kwenye kompyuta, na mashine humchongea umbo la kutolea kalibu.

Kwa ladha yangu, Celica ya mwaka 1974 haihitaji chochote cha Kato. Mistari yake ni ya mviringo na kiuno chake ni chembamba, kwa hiyo fenda ya mraba itaonekana kama kiatu cha mtu mwingine. Ipe fenda ya mtindo wa 240ZG, ya duara, yenye ukingo mwembamba unaofuata tao la kiwandani.

Kuna sheria moja ya ukaguzi wao inayoweza kukufaa hata hapa. Gari la Japani hukaguliwa baada ya miaka mitatu tangu likiwa jipya, kisha kila miaka miwili, na upana ukiongezeka zaidi ya sentimita 2 kwa kitu kilichofungwa moja kwa moja, mwenye gari lazima aandikishe upya umbo lake. Gari dogo likivuka upana wa milimita 1700 hupanda daraja na namba yake hubadilika. Tairi nalo haliruhusiwi kuchomoza nje ya fenda katika eneo linaloanzia nyuzi 30 mbele ya kitovu cha gurudumu hadi nyuzi 50 nyuma yake, na tangu mwaka 2017 umeongezwa msamaha wa chini ya milimita 10 kwa mpira peke yake, si rimu. Sisi hatufungwi na sheria hiyo, lakini ni kipimo kizuri cha kujua fenda yako ianzie na kuishia wapi.

Mstaafu_wa_Reli (Tabora)

Vijana, nimesoma yote kwa makini na nakiri kwamba mnayajua mnayoyasema. Hata hivyo nina neno. Nilifanya kazi ya chuma kwa miaka thelathini katika karakana, na jambo moja tulilofundishwa ni kwamba kipande ukishakikata hakirudi. Celica kama hiyo nimeziona Tabora nzima zikiwa tatu, na mbili kati ya hizo zimekwisha kuwa masufuria. Mimi ningeziba kutu, ningerudisha midomo ya matao kama ilivyotoka kiwandani kwa bati la geji 20 na nyundo, na ningevaa tairi za kawaida. Kwenye tope la masika, tairi jembamba huchimba likakuta ardhi ngumu, na tairi pana huelea juu ya tope mpaka likuingize mtaroni. Isitoshe, huyo baba mdogo wako, kama ndiye ninayemdhania, alikuwa akilifuta gari hilo kwa kitambaa kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Sijui angesemaje akiona grainda.

Mwana_Kiloleni (Tabora)

Shikamoo mzee. Ndiye huyo huyo, na kitambaa chenyewe bado kipo kwenye sanduku la dashibodi. Maneno yako yamenifanya nisilale vizuri. Lakini naomba nikiri pia kwamba yeye ndiye aliyeweka breki za gari jingine na redio ya kaseti, na aliwahi kulipaka rangi ya chungwa ambayo mama hakuipenda, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuacha kitu kama kilivyotoka kiwandani.

Fundi wa Kibirizi, nimefungua kiti na kuchungulia. Bati la ndani ni zima, kutu iko la nje tu. Swali langu sasa ni la chini ya gari: rimu hizi zikitoka nje zaidi, beringi na usukani zitavumilia?

Mwanahawa_Gereji (Mwanga, Kigoma)

Shikamoo mzee wa reli, na wengine habari zenu. Swali hili ndilo lililopaswa kuwa la kwanza, kwa sababu zile sentimita 6 ulizokisia, kaka, hazijatoka popote.

Kila rimu ina ofseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wake na uso unaobana habu, kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Ofseti ikiwa sifuri, rimu inagawanyika nusu ndani na nusu nje. Chukua rimu ya inchi 5 yenye ofseti sifuri: nusu yake ni milimita 63 na ushee kutoka kwenye habu kwenda nje. Rimu ya inchi 8 yenye ofseti sifuri inakwenda nje milimita 101 na ushee, tofauti ya 38. Ikiwa ni ya kuzama kwa ndani, ofseti hasi 20, inakwenda nje 121, tofauti ya 58. Kwa hiyo rimu mbili zinazofanana machoni zinaweza kukudai fenda mbili zisizofanana kabisa. Tazama mgongoni mwa rimu zako, namba mara nyingi imepigwa hapo, na kama imefutika pima kwa rula iliyonyooka na futi.

Nyuma huna wasiwasi mkubwa, kwa kuwa ekseli ni ya kipande kimoja na beringi yake itabeba, ingawa itachoka mapema kidogo. Mbele ndiko penye kesi. Ukivuta mstari kutoka juu ya shokapu kupitia bolijointi hadi chini, utakuta unagusa ardhi mahali fulani karibu na katikati ya tairi. Kadiri unavyolitoa tairi nje, ndivyo katikati yake inavyokaa mbali na mstari huo, na umbali huo ndio mpini ambao kila jiwe litaushika kukunyang'anya usukani. Kwenye lami utahisi usukani mzito tu. Kwenye barabara yenye mawimbi na makorongo, vidole gumba viweke nje ya usukani. Ndiyo maana ningekushauri mbele utumie ile rimu ya inchi 7 yenye ofseti iliyo karibu na ya kiwandani, hata kama fenda ya mbele haitatoka nje kama ya nyuma. Hata ile Skyline ya mwaka 1970 aliyoitaja ndugu wa Ujiji ilipanuliwa nyuma peke yake.

Usiweke spesa, yaani bamba la kusukumia rimu nje, ili kujaza fenda. Nimeona wengi wanatengeneza fenda pana mno, kisha wanaziba pengo kwa spesa, na nati inashika nyuzi tatu za stadi. Stadi za Toyota yako ni za milimita 12 zenye hatua ya 1.5, kwa hiyo nati isipozunguka angalau mara nane kabla ya kukaza, usilitoe gari nje ya geti. Na usilishushe gari kwa kukata springi kwa gesi, kwani moto unaua ugumu wa chuma na springi inakaa chini moja kwa moja. Kwa barabara zenu mimi nisingelishusha hata kidogo.

Mzee, kuhusu tope uko sahihi kabisa, na sina jibu isipokuwa kwamba masika gari hilo libaki chini ya mwembe.

Fundi_wa_Kibirizi (Kigoma)

Dada Mwanahawa ameongea. Fanya hivi: funga rimu na tairi zako, gari likae chini kwa uzito wake na tangi likiwa nusu, kisha ning'iniza timazi ya mwashi kwenye mdomo wa tao juu kabisa ya gurudumu. Pima kutoka kwenye uzi hadi kwenye shavu la tairi linalochomoza. Rudia kwa nyuzi 30 mbele na 50 nyuma kama alivyosema ndugu wa Ujiji. Halafu mpandishe mtu mzito kwenye buti na uangalie tairi linaingia wapi. Kwa mbele kata usukani hadi mwisho, kushoto na kulia. Niletee vipimo hivyo nikukadirie mkeka.

Mwana_Kiloleni (Tabora)

Nimerudi baada ya siku nne. Rimu za nyuma zina ofseti sifuri na za mbele ni chanya 10. Kwa timazi, tairi la nyuma linachomoza milimita 41 upande wa kushoto na 38 upande wa kulia, nadhani kwa sababu ekseli haijakaa katikati na bushi zake zimelika, kwa hiyo hizo zitabadilishwa kwanza. La mbele linachomoza milimita 17. Zile sentimita 6 zangu zimekufa. Nyuma nitaongeza milimita 45 kila upande, na nikijumlisha na zile 1600 za kiwandani napata kama 1690, upana ule ule wa 240ZG. Mbele nitaongeza 20 tu, na sitakata chochote, nitakunja mdomo wa fenda na kuufunika.

Mzee wa reli alikuja nyumbani jana jioni akiwa na nyundo yake ya bodi na tofali la mpingo la kugongea, akakaa kwenye kigoda akasema hakubaliani nami, lakini kama bati la ndani litakunjwa matamvua basi atalikunja yeye, kwa kuwa hamwamini mtu mwingine. Amekwisha chora mstari wa upande wa kulia kwa penseli, kisha akaufuta na kuuchora tena sentimita moja chini.

Fundi, nimekata violezo vya maboksi kwa kila tao na kuviandika upande wake. Nitavituma kwa treni ya Kigoma wiki hii. Je, nivikunje?

Fundi_wa_Kibirizi (Kigoma)

Usivikunje hata kimoja. Vifunge bapa katikati ya mbao mbili, uandike kwa wino ni upande upi unaotazama nje, na uweke alama mahali penseli ya mzee ilipopita mara ya pili.